Jamaa za Ufipa Katika Vitabu vya Watu

Mtu atakaye kujua jinsi watu wa Tanzania wanavyooana, wanavyolea watoto na wanavyorithiana, akiingia katika maktaba ya chuo kikuu hatakosa vitabu. Atamkuta Mchungaji Bruno Gutmann, aliyeandika sheria za Wachagga mwaka 1926. Atamkuta Bwana Hans Cory, mtumishi wa serikali ya Kiingereza, aliyeandika pamoja na mwenziwe mila za Wahaya mwaka 1945, kisha za Wasukuma mwaka 1953. Atamkuta Bibi Monica Wilson, aliyetoa mwaka 1951 kitabu juu ya Wanyakyusa na vijiji vyao vya rika, kitabu kisomwacho hata leo katika miji ya mbali ambako hakuna ajuaye Tukuyu iko upande gani.

Lakini akiuliza habari za jamaa za Ufipa ataonyeshwa rafu fupi. Akiuliza habari za Wapimbwe, za Wakuulwe, za Warungwa au za Walungu, yamkini atapewa kitabu kimoja tu, kile cha Bwana Roy Willis cha mwaka 1966, ambacho jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema Wafipa na Watu wa Jamii Yao. Katika kitabu hicho sisi tumepata mlango, na wenzetu hao wamepata ubaraza.

Hatuandiki haya kwa wivu. Wanyakyusa ni jirani zetu, na sifa yao haitupunguzii kitu. Twaandika kwa sababu vitabu havikai maktabani. Waalimu wa vyuo huvisoma, huwafundisha maafisa wa ustawi, wauguzi, mahakimu na waalimu wa shule. Nao hao huja kwetu na picha ya jamaa moja kichwani, waiitayo jamaa ya Kiafrika. Picha hiyo ina baba mwenye ukoo, mke aliyetolewa mahari, na watoto walio mali ya upande wa baba. Kwa Wahaya huenda picha hiyo ni sawa. Kwa nini iwe ndiyo kipimo cha Chala na Namanyere?

Bwana Willis, aliyekaa Ufipa katika miaka ya 1960 akijifunza Kifipa, aliona mambo mengine. Aliona kwamba Mfipa huhesabu ukoo wake kwa baba na kwa mama pia. Aliona tena kwamba kijiji cha Kifipa si kijiji cha ukoo mmoja. Ni watu wa koo mbalimbali waliokubali kukaa pamoja, karibu karibu, nyumba kwa nyumba, na kuheshimiana kama majirani. Mtu aliyezoea kusoma juu ya makabila ambayo kijiji ni babu mmoja na wajukuu zake, akifika kwetu hushangaa, kisha huandika kwamba ukoo umevunjika. Haukuvunjika. Ndivyo tulivyo.

Kabla yake walikuwako wengine. Baba Askofu Adolphe Lechaptois wa Mapadre Weupe, aliyeliongoza Kanisa la huku tangu mwaka 1891 hata kufa kwake mwaka 1917, alitunga kitabu cha Kifaransa juu ya nchi za kandokando ya ziwa Tanganyika, kikapigwa chapa Algeria mwaka 1913. Mwaka 1949 Padre Robert, wa shirika lilo hilo, alitoa huko Tabora kitabu cha Kifaransa juu ya imani na desturi za Wafipa. Na katika jina lake aliongeza neno moja, wapagani. Basi mama wa Kifipa wa mwaka huo, aliyebatizwa, mwenye rozari mkononi na mwenye kulea wajukuu wanne, jina la kitabu halikumkaribisha. Si kwamba Padre alikosa kazi njema. Alitafuta kitu kimoja akakipata. Lakini jamaa nyingi za Ufipa siku zile zilikuwa na Wakristo na wasio Wakristo chini ya paa moja, na jamaa ya namna hiyo, iliyo nusu hivi na nusu vile, ndiyo iliyokosa mwandishi kwa muda mrefu.

Mwandishi alikuja baadaye sana. Ni Bibi Kathleen Smythe, mwalimu wa historia kutoka Marekani, aliyekaa Nkansi akiwauliza wazee wanaume na wanawake habari za utoto wao. Mwaka 2006 alitoa kitabu juu ya jamaa za Wafipa na uenezi wa dini katoliki kati ya 1880 na 1960. Tungependa kukaa hapa kidogo, maana jambo aliloliona latuhusu sisi wasomaji wa gazeti hili kuliko watu wengine wote.

Aliona kwamba mtoto wa Kifipa, zamani, hakulelewa nyumba moja tangu kuzaliwa hata kuoa. Akiisha kuachishwa ziwa na kupata akili kidogo, aliondoka katika nyumba ya wazazi akalala kwa babu na bibi. Huko alisikia hadithi, alijifunza adabu, alijua nani ni nani. Akikua zaidi alilala na wenzake wa rika, wavulana peke yao na wasichana peke yao. Mchana aliweza kula kwa mama, akatumwa na baba shambani, akachota maji kwa shangazi. Usiku ulikuwa wa bibi. Kwa hiyo kuhama nyumba hakukuwa kutupwa. Kulikuwa ndiko kukua.

Basi, Mapadre Weupe walipoipokea Karema mwaka 1885 kutoka mikononi mwa Wabelgiji, walianza na watoto waliokombolewa utumwani, kisha wakajenga shule na mabweni, wakaomba wazee wawape watoto. Twaweza kudhani kwamba wazee walikataa, au kwamba walilazimishwa. Lakini hoja ya Bibi Smythe, kama tuielewavyo, ni kwamba wazee wengi waliona jambo walilolizoea: mtoto ahama nyumba ya wazazi aende kulelewa na wakubwa wengine pamoja na rika lake. Mapadre na masista waliingia mahali pa babu na bibi. Mwaka 1907 Baba Askofu Lechaptois alianzisha huko Karema shirika la masista Waafrika, lile la Maria Malkia wa Afrika. Na Bibi Smythe aliandika mwaka 1999 habari za maisha ya masista wawili wa Kifipa, akiuliza katika kichwa cha maneno yake kama mtoto huyo ni mtoto wa ukoo ama mtoto wa mapadre. Wazee wetu wangalijibu kwamba ni wa wote wawili, kwa kuwa hawakujua mtoto wa mtu mmoja.

Ikiwa hayo ni kweli, na sisi twaamini kwamba kwa sehemu kubwa ni kweli, basi Kanisa la Ufipa lilipandwa katika udongo uliolimwa na mabibi. Na hivi leo karatasi zetu, za shule, za hospitali, za mashirika ya msaada, na hata kadi nyingine za parokia, hazina mstari wa bibi.

Tuitazame sasa kazi ya kuhesabu watu, ambayo waalimu wengi tumepata kuifanya. Kaya, kwa maneno ya wahesabuo, ni watu wakaao pamoja na kula chungu kimoja. Tena katika sensa mtu huandikwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa. Kwa sensa ya mwaka 2022 ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, na watu wote wa Tanzania walionekana kuwa 61,741,120. Kanuni hizi ni njema kwa kazi yake. Pasipo kanuni, mtoto mmoja angehesabiwa kwa mama, na kwa bibi, na kwa mjomba, na taifa lingeongezeka kwa wino tu.

Shida huja baadaye, wakati hesabu inapofanywa hadithi. Mtoto alaye kwa mama na kulala kwa bibi, nyumba tatu kutoka hapo, ataandikwa kwa bibi. Halafu msomi aliye mbali, asomaye majedwali, ataona kaya ya mwanamke mzee pamoja na watoto watatu pasipo wazazi, naye ataandika: yatima, au watoto waliotelekezwa. Katika jedwali lilo hilo mama yao ataonekana ni mwanamke kijana asiye na mtoto nyumbani. Kumbe jioni ile wote walikula ugali wa ulezi pamoja, na aliyesonga ni mama. Kwa upande mwingine, yupo mtoto ambaye kweli ametelekezwa kwa bibi, mama hajulikani alipo, na katika jedwali huyu na yule ni sawasawa. Hapo ndipo madhara yalipo. Anayehitaji msaada na asiyehitaji wamevikwa nguo moja.

Tangu sensa ya mwaka 1967 hatuulizwi tena kabila. Sisi twalisifu jambo hilo, wala hatutaki swali lile lirudi. Tumeona katika nchi za jirani jinsi jina la kabila katika karatasi lilivyoweza kuwa hukumu ya kifo. Walakini lina bei yake, nayo hulipwa na walio wachache. Habari za jamaa hutolewa kwa mikoa. Mkoa wa Rukwa ni Wafipa wa nyanda za juu, ni Walungu na Wamambwe wa Kalambo, ni wavuvi wa Kirando na Kasanga, ni Wasukuma walioshuka na ng'ombe wao katika bonde la ziwa Rukwa. Ukichukua nyumba ya mfugaji mwenye wake watatu na nyumba ya mwalimu wa Sumbawanga mjini, ukazijumlisha na kugawanya kwa mbili, utapata nyumba ambayo hakuna anayekaa ndani yake.

Na sheria nayo ina habari hizi. Mwaka 1963 serikali ilitangaza amri ya sheria za mila, iliyokusanywa kwa kazi ya yule Bwana Cory na wenziwe, ili nchi ipate mila moja iliyoandikwa badala ya mamia. Nia ilikuwa njema: hakimu asibahatishe. Lakini amri iliandikwa kwa ajili ya watu wahesabuo ukoo kwa baba. Watoto ni wa upande wa baba, na katika urithi mtoto wa kike akawekwa daraja ya tatu. Wale wahesabuo pande zote mbili wakajikuta wamesimama nje ya mstari, na polepole wengi wao wamejifunza kusema kwamba mila yao ni ile iliyoandikwa. Tumewasikia vijana wa Kifipa wakiwaambia shangazi zao, Mila yetu haikubali. Na ukiuliza mila hiyo waliipata kwa nani, hawataji babu.

Tutasimulia jambo moja tulilolishuhudia. Alikuwako mtoto wa kike katika darasa letu, ambaye baba yake alifariki, na mama yake alikwenda Mbeya kufanya biashara ndogo, akileta fedha kila alipoweza. Mtoto alilelewa na bibi mzaa mama tangu alipoachishwa ziwa, hata kabla ya msiba. Likaja shirika moja, ambalo hatulitaji, likiwa na msaada wa sare, madaftari na bima kwa watoto waliofiwa. Karatasi ilitaka jina la baba, jina la mama, na jina la mlezi wa upande wa ukoo. Bibi alipofika alitolewa nje kwa adabu. Akaambiwa ukoo wa mtoto ni wa baba. Akatafutwa baba mdogo, akapatikana Mpanda, mtu asiyepata kumwona mtoto huyo tangu mazishi. Akatia sahihi. Vitu vikapelekwa kwake.

Hatusemi kwamba alikuwa mwivi; alikuwa na watoto sita, na sare ni sare. Lakini yule mtoto alirudi shuleni na gauni lile lile lililopauka, na katika vitabu vya shirika aliandikwa kwamba amesaidiwa.

Tulikwenda kumwamkia bibi jioni. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwalimu. Karibu kiti." Tulipomwuliza habari, hakulalamika sana. Alisema, "Wamemwandika mtoto mahali asipolala," kisha akageuka kuchochea moto.

Mambo haya si ya Ufipa peke yake. Mwaka 1965, huko Marekani, afisa mmoja wa serikali aitwaye Daniel Patrick Moynihan aliandika taarifa juu ya jamaa za watu weusi wa nchi ile. Alipima kwa kipimo cha nyumba ya baba, mama na watoto wao. Na kwa kuwa jamaa nyingi za watu weusi ziliongozwa na wanawake, alisema mna ugonjwa ndani yake. Wengi walichukizwa. Mwaka 1974 Bibi Carol Stack, aliyekaa miaka kadhaa katika mtaa wa watu weusi maskini, alitoa kitabu akionyesha kwamba mahali ambapo wengine waliona nyumba iliyobomoka palikuwa na mtandao wa mabibi, mashangazi, dada na majirani, waliopokezana watoto, fedha na vyombo, hata hakuna aliyelala njaa peke yake. Watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni mahali alipoketi mwenye kalamu.

Lakini tusijifanye watakatifu. Tukiwa wadogo mbele ya Wasukuma na Wahaya, tu wakubwa mbele ya wengine. Katika nchi yetu Mfipa ndiye mwenye nyumba, na Mkuulwe, Mrungwa au Mpimbwe ndiye mgeni wa ubarazani. Tumesikia waalimu wenzetu, tena Wakristo, wakisema kwamba Wapimbwe hawana ndoa, kwa sababu huoana na kuachana upesi. Basi yupo mtaalamu, Bibi Monique Borgerhoff Mulder, aliyefanya kazi miaka mingi katika vijiji vya Mpimbwe, nchi ambayo tangu mwaka 2012 ni ya mkoa wa Katavi. Mwaka 2009 alitoa maandiko juu ya ndoa za huko. Hakutuuliza tunawaonaje, alihesabu ndoa za kila mtu na watoto waliozaliwa wakaishi. Akaona kwamba mwanamke aliyeolewa zaidi ya mara moja hakuwa lazima mwenye hasara, kama wengi walivyodhani. Mara nyingi alikuwa ametafuta namna ya kuwalisha watoto wake katika nchi yenye njaa ya msimu. Mwaka 2005 mwenziwe, Bwana Craig Hadley, alikuwa amelinganisha afya ya watoto wa Kipimbwe na ya watoto wa Kisukuma wa bonde lile lile, akaona watoto wa wafugaji wana nafuu.

Sisi twashika ndoa moja isiyovunjwa, wala hatuoni haya kuifundisha. Lakini kuandika jambo lilivyo si kulibariki. Katekista aendaye Mpimbwe akidhani hakuna ndoa atahubiri juu ya uasherati kwa watu wasiojiona waasherati, nao watamsikiliza kwa upole na kurudi nyumbani. Akijua kwamba mama yule anahesabu vibaba vya mahindi hadi mwezi wa Februari, labda ataanza na maneno mengine. Labda ataanza na ghala.

Kuna wenzetu waliotuambia kwamba nyumba ya bibi ni habari ya zamani, kwamba sasa watoto hulala kwa wazazi, na mabibi wa mjini wana televisheni badala ya hadithi. Ni kweli kwa wengi. Nyumba nyingi za Sumbawanga leo ni baba, mama na watoto, na geti la chuma. Lakini misiba ya ukimwi ilipopita, na vijana wanapokwenda Mbeya, Tunduma au Dar es Salaam kutafuta kazi, mtoto hurudishwa wapi? Ile njia ya zamani ingaliko, nyasi zimeota juu yake tu.

Katika shule yetu, tangu mwaka juzi, daftari ya wanafunzi ina safu mbili zaidi, tulizozipiga kwa rula na kalamu. Ya kwanza yasema, Mtoto hulala kwa nani. Ya pili yasema, Aitwe nani mtoto akiugua. Hatuandiki kabila wala dini hapo. Mwanzoni wazazi wengine waliogopa, wakidhani ni kodi. Tukaeleza katika mkutano wa kijiji, na mwenyekiti akawa wa kwanza kutaja mama mkwe wake. Katika safu ya pili majina mengi ni ya wanawake wazee, na baadhi hayafanani kabisa na jina la ukoo wa mtoto. Wako pia wajomba, wako dada wakubwa wa miaka 17, na yupo mzee mmoja Msukuma anayelea mtoto wa Kifipa wa jirani yake aliyekufa maji ziwani Rukwa.

Mwezi uliopita alikuja afisa kijana kutoka wilayani kukagua madaftari. Alipofika penye safu hizo aliuliza ni za agizo gani. Tukamwambia si za agizo. Akakaa kimya akizipitia kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akaomba karatasi tupu na rula.